Miguu Isiyogusa Sakafu

Basi letu lilikuwa limekwisha kuvuka daraja la Pakwach, na mwanga wa alfajiri ulikuwa ndio kwanza unazifichua nyasi za hifadhi upande wa kulia, nilipogundua kwamba kaka yangu hakuwa ameweka miguu yake sakafuni tangu tuondoke Arua. Visigino vyake viwili vilikaa juu ya chuma chembamba kilichoshika kiti cha mbele, na kwa kuwa yeye ni mtu mrefu, magoti yalikuwa yamempanda karibu na kidevu.

"Kaka, nyoosha miguu, safari bado ndefu," nikamwambia.

"Niache tu, mdogo wangu. Nimezoea."

Hakusema zaidi mpaka tulipofika Karuma, ambako basi lilisimama na wauzaji wakaanza kuinua muhogo na nyama ya mishikaki hadi kwenye madirisha. Hapo ndipo alipoanza kunieleza, kwa sauti ya chini, kwamba walipokuwa Singo wakifundishwa kabla ya kupelekwa Somalia, mwalimu wao alisimama ndani ya gari la kivita na kuipiga sakafu kwa kisigino cha buti. Bomu likilipuka chini, aliwaambia, kitu cha kwanza kuwajia ni hii sakafu. Mguu ulioko juu yake utavunjika kabla sikio halijasikia kishindo.

Ana miaka mitatu tangu arudi nyumbani.

Kwa wiki kadhaa sasa miguu ile haijanitoka akilini. Nimesoma nilichoweza kupata juu ya magari hayo, nimemsumbua mjomba wangu aliyeendesha lori njia hiyo hiyo katika miaka mibaya, na nimempigia kaka simu mara nyingi kuliko anavyopenda. Nilitaka kujua ni nani aliyefikiria kwanza kwamba mtu anaweza kupita juu ya bomu na kushuka akitembea, na kwa nini jambo jema namna hiyo linanikaa kooni.

Mamba wetu, mamba wao

Nianze na jina, kwa sababu limenipotosha tangu utotoni. Sisi hapa Uganda gari lolote refu la chuma, la jeshi au la polisi, tunaliita mamba, na mimi nilikua nikiamini kwamba ni yule mnyama wa mtoni, mwenye magamba na mdomo mrefu. Sivyo. Mamba lilikuwa jina la aina moja ya gari kutoka Afrika Kusini, ambalo lilifika kwetu wakati wa vita vya kaskazini, na huko kwao mamba ni nyoka, yule ambaye Kiswahili humwita koboko. Jina la aina moja likawa jina la magari yote.

Karibu yote katika ukoo huo yamepewa majina ya wanyama. Liko la chui, liko la kiboko, liko la nyati. Hata komba yumo, na nitamrudia.

Gunia la mchanga

Mjomba hakuwahi kuingia ndani ya mamba. Yeye aliendesha lori la mizigo kati ya Kampala na Arua katika miaka ya 1990, wakati magari yalipokusanywa Karuma na kusubiri wanajeshi wa kuyasindikiza hadi Pakwach. Nilipomuuliza madereva walijikinga vipi na mabomu yaliyotegwa na waasi, alinijibu kana kwamba swali lenyewe ni la kitoto: gunia la mchanga. Waliyapanga magunia kwenye sakafu ya chumba cha dereva, chini ya pedali na chini ya kiti, mpaka goti likagonga usukani. Kisha kila dereva alikanyaga mle mle alimokanyaga mwenzake wa mbele, tairi ndani ya alama ya tairi, na ole wake aliyekuwa wa kwanza.

"Gari la mbele ndilo lililokuwa deraya yetu," alisema, kisha akanyamaza kwa muda.

Nilishangaa kukuta kwamba historia ya magari haya inaanzia hapo hapo alipoishia mjomba. Katika miaka ya 1970 Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ilikuwa ikipigana na wapigania uhuru waliotega mabomu ya Kisovieti katika barabara za vumbi za mashambani. Bomu kama TM-46 hubeba zaidi ya kilo 5 za baruti, na hutegwa kwa namna ambayo uzito wa mtu anayetembea kwa kawaida haulilipui, lakini gari lililobeba watu hulilipua. Askari wa serikali ile walianza kama mjomba alivyoanza. Walitandika magunia ya mchanga na mipira mizito sakafuni, na wakajaza maji ndani ya matairi ili yameze sehemu ya joto na nguvu ya mlipuko. Vilisaidia, ingawa kwa kiasi.

Chui na komba

Mwaka 1974 mhandisi mmoja wa huko, Ernest Konschel, alitengeneza gari dogo la ajabu lililoitwa Leopard, yaani chui. Alichukua injini na vipande vya Volkswagen Kombi, akajenga chumba cha chuma ambacho tumbo lake lilichongoka kuelekea chini kama pua ya mtumbwi, kisha akayasukuma magurudumu mbali, ya mbele mbele kabisa na ya nyuma nyuma kabisa. Gurudumu likikanyaga bomu, lilipaswa kung'oka na kwenda zake, na chumba kibaki kizima.

Nililiangalia gari hilo katika picha kwa muda mrefu. Ni baya kwa sura, kama panzi wa chuma, lakini kuna akili ndani yake inayonigusa, kwa maana mtu huyo alikubali kwamba gari litapotea na akaanza kufikiri kutoka kwenye hasara hiyo. Mafundi waliomtangulia walijaribu kuliokoa gari pamoja na watu, ilhali yeye aliamua mapema kipi kitupwe.

Konschel huyo huyo alitengeneza baadaye Pookie, jina la komba, yule mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa. Pookie lilibeba mtu mmoja tu. Lilipewa matairi mapana ya magari ya mashindano ya Formula One, yenye upepo kidogo ndani yake, ili uzito wake uenee juu ya udongo na bomu lisihisi kwamba kuna kitu kinapita. Kila upande lilining'iniza kifaa cha kutambua chuma. Dereva alitangulia peke yake mbele ya msafara, na kifaa kilipolia, alisimama ili bomu lichimbuliwe.

Kati ya mashine zote nilizozisoma, hiyo ndiyo niliyoipenda. Walioiunda walikuwa na sababu zao, na sababu hizo zilikuwa kulinda utawala wa Wazungu wachache, utawala ambao nisingetaka udumu hata siku moja. Hata hivyo bomu lililochimbuliwa na Pookie halikuwepo tena barabarani asubuhi iliyofuata, wala kwa msafara wa askari, wala kwa basi la abiria, wala kwa mkulima na trekta lake.

Tumbo la herufi V

Naomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu sikuielewa miguu ya kaka mpaka nilipoelewa tumbo la gari.

Bomu lililozikwa ardhini halisambazi nguvu yake sawasawa pande zote. Udongo ulio chini na pembeni huizuia, hivyo sehemu kubwa hutokea juu, ikibeba mchanga na mawe, na kulipiga tumbo la gari kama nyundo. Udongo ukiwa umelowa, pigo huwa kali zaidi. Fungua bomba la maji kwa nguvu, ukinge kiganja kikiwa bapa, na utahisi mkono unasukumwa. Kisha geuza kiganja kikae kwa ubavu, na maji yatagawanyika na kupita huku na huku. Gari lenye tumbo bapa hupokea pigo lote kama kiganja cha kwanza. Gari lenye tumbo la umbo la V huligawa likapita ubavuni.

Jambo la pili ni urefu kutoka ardhini. Nguvu ya mlipuko hupungua upesi sana kadiri unavyojitenga nayo, kwa hiyo sentimita chache za ziada kati ya bomu na tumbo la gari zina thamani kubwa. Ndiyo maana magari haya yamesimama juu ya matairi marefu na abiria hupanda kwa ngazi. Gharama yake ni kwamba huyumba, na katika barabara nyembamba zenye kingo laini hupinduka kwa urahisi.

Halafu kuna mtu aliyeketi ndani. Hata pale chuma kinapobaki bila tundu, sakafu hubonyea kwenda juu kwa kasi ambayo mfupa wa kisigino hauwezi kuistahimili, na kiti kilichofungwa sakafuni huupeleka mshtuko huo moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo katika magari mapya viti huning'inizwa kutoka darini au ukutani, mikanda hufungwa mabegani na kiunoni, na miguu huwekewa mahali pake pa kuegemea, juu, pasipogusana na sakafu.

Kaka yangu aliyapata haya yote kwa kisigino cha mwalimu wake.

Deni nisilolitaka

Afrika Kusini ndiyo iliyolikuza wazo hilo hadi likakomaa. Ilianza na Hippo, lililojengwa juu ya lori la Bedford, ikafuata Buffel, yaani nyati, juu ya lori la Unimog, na mwishoni mwa miaka ya 1970 likaja Casspir. Jina hilo ni herufi zilizochanganywa za jeshi la polisi la nchi hiyo, SAP, na taasisi yake ya utafiti, CSIR, ambako mwanasayansi Vernon Joynt alikuwa miongoni mwa waliosoma tabia ya milipuko kwa miaka mingi. Casspir halina chasisi ya kawaida. Mwili wake wenyewe wa umbo la V ndio uti wa mgongo wake, na ekseli na magurudumu hufungwa kwa nje ili yakiharibika yabadilishwe huko huko porini. Lilikusudiwa kustahimili mabomu matatu ya TM-57 yakilipuka kwa pamoja chini ya gurudumu, sawa na kilo 21 za baruti ya TNT.

Kikosi cha Koevoet, kikosi maalumu cha polisi wa Afrika Kusini, kililitumia kuwasaka wapigania uhuru wa Namibia. Polisi walilitumia katika vitongoji vya watu weusi, na kizazi kizima cha watoto wa huko kililijua kwa ngurumo ya injini yake kabla hakijaliona.

Na ndani ya Casspir ndimo kaka yangu alimokuwa.

Nimelikalia jambo hili siku nyingi. Wanajeshi wetu walipotua Mogadishu mwezi Machi mwaka 2007, walianza kupita katika barabara ambazo kila siku zilitegwa mabomu, na magari yaliyowarudisha kambini wakiwa hai yalitokana na fikra za watu waliokuwa wakitafuta njia ya kuwakandamiza watu kama sisi bila wao wenyewe kufa. Natamani chuma kile kingetoka mahali pengine. Lakini Mama hakuzika mtoto, na kila nikifika hapo hasira yangu hukosa pa kusimama. Siwezi kuwashukuru. Siwezi pia kujifanya kwamba sina deni nao.

Waliochelewa

Kinachonistaajabisha ni jinsi Marekani, yenye fedha na wahandisi wote wale, ilivyochelewa. Iliingia Iraki mwaka 2003 na magari ya Humvee, ambayo tumbo lake ni bapa na liko chini. Desemba 2004, huko Kuwait, askari mmoja alisimama mbele ya waziri wake wa ulinzi, Donald Rumsfeld, akamwuliza kwa nini wanajeshi walazimike kuchakura majalalani wakitafuta vyuma chakavu vya kufunga kwenye magari yao. Niliposoma hayo nilimkumbuka mjomba. Gunia la mchanga lilikuwa limefika hadi kwa jeshi tajiri kuliko yote duniani.

Februari 2005 makamanda wa kikosi cha wanamaji waliokuwa Iraki waliomba magari 1,169 yenye kustahimili mabomu. Ombi hilo lilikaa. Ni Mei 2007 tu ndipo waziri mpya, Robert Gates, alipoyapa magari hayo kipaumbele cha kwanza katika manunuzi yote ya wizara yake, na katika miaka iliyofuata yakatengenezwa takribani 27,000, kwa zaidi ya dola bilioni 40. Wazo lilikuwa lile lile la barabara za vumbi za kusini mwa Afrika. Hata Joynt mwenyewe alikwenda kufanya kazi na mojawapo ya kampuni za huko.

Kati ya ombi na amri ilipita miaka miwili na zaidi. Sihitaji kuhesabu visigino.

Aliyekuwa pembeni

Nilidhani makala yangu ingeishia hapo, na kweli nilikuwa nimeanza kuiandika hivyo, mpaka jioni moja kaka aliponipigia mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Aliniambia kwamba siku ile kwenye basi hakunimalizia.

Gari lao lilikanyaga bomu siku moja katika barabara ya kuelekea Afgoye. Hilo nilikuwa nalijua. Sote nyumbani tulilijua, na Mama alifunga siku tatu kwa shukrani. Gurudumu la mbele la kulia lilikwenda, vumbi likajaa ndani, na walipohesabiana wote walikuwa wazima, isipokuwa sikio lake la kulia ambalo hadi leo halisikii vizuri. Nisilolijua ni kwamba pembeni ya barabara, upande ule ule wa kulia, alikuwepo mzee mmoja na mkokoteni wa punda uliobeba mapipa ya maji. Alikuwa amewapisha wapite. Kaka anasema aliiona kofia yake kupitia kioo kabla tu ya mlipuko, na waliposhuka alimkuta punda, na alimkuta mzee, na maji yalikuwa bado yanamwagika kutoka kwenye pipa moja.

"Ule moto ulipotukosa sisi," akaniuliza, "ulikwenda wapi?"

Nimejaribu kumjibu kwa haki. Bomu la kilo zile lingemwua mzee aliyesimama karibu hata kama lingelipuka chini ya pikipiki au chini ya gari la tumbo bapa, na sina ushahidi wowote kwamba ni umbo la V lililomwua. Nilimwambia hivyo. Alinisikiliza, akasema, "Sawa," kwa namna ambayo wakubwa husema sawa kwa wadogo.

Baada ya simu hiyo nilikwenda kutafuta namna magari haya yanavyopimwa. NATO ina vipimo vyake, viitwavyo STANAG 4569, ambavyo nchi nyingi huvifuata: kilo 6 za baruti chini ya gurudumu au chini ya tumbo, kisha kilo 8, kisha kilo 10. Ndani ya gari huketishwa wanasesere wenye vifaa vya kupima ni kiasi gani mguu, shingo na uti wa mgongo vimeumia. Jina la kipimo chenyewe linataja ulinzi wa wale waliomo ndani ya gari. Nje ya gari, pembeni, hakusimamishwi mwanasesere.

Naelewa sababu. Anayeagiza gari anaagiza usalama wa watu wake, na mhandisi hujibu swali alilopewa. Lakini kaka yangu alikuwa ameubeba kwa miaka mitatu upande wa swali ambao hakuna aliyeupima, tena akiwa peke yake.

Hapo ndipo nilipomrudia komba. Sisi Uganda tuliutia saini mkataba wa Ottawa, ule wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa, mwezi Desemba 1997, tukauridhia mwaka 1999, na mwaka 2012 nchi ikatangazwa kuwa haina tena maeneo yajulikanayo ya mabomu ya kutegwa dhidi ya watu. Kazi hiyo ilifanywa na watu waliopiga magoti kwenye udongo wakiwa na vifaa vya kutambua chuma na vijiti vya kudungia, kipande kwa kipande. Mkataba wenyewe, hata hivyo, unayagusa mabomu yanayolenga mtu atembeaye. Bomu linalolenga gari, lile lililomfanya mjomba ajaze mchanga chini ya pedali, halimo ndani yake. Na katika miaka hii ya karibuni jeshi letu limeonyesha magari ya kivita yaliyoundwa hapa hapa nchini, mojawapo likiitwa Chui. Nilifurahi kuliona, na bado nafurahi kwamba mafundi wetu wanaweza kuchomelea chuma cha kuokoa watoto wetu. Ila nikiulizwa fedha ya kwanza iende wapi, nitasema iende kwa yule anayetangulia mbele ya msafara na kulitoa bomu ardhini, kwa sababu baada yake hata mzee wa maji anapita.

Nilimsomea kaka sehemu hiyo kwenye simu. Alisema niiache kama ilivyo.

Kigoda

Jumapili iliyopita nilikuwa Arua. Tulikula uani, chini ya mwembe, na nikaona kwamba mbele ya kiti cha kaka kuna kigoda kidogo cha mbao, kile ambacho Mama alikuwa akikalia zamani akimenya karanga. Nilipomwuliza Mama, alisema amekiweka hapo tangu wiki ile ya kwanza kaka aliporudi. Alimwona anahangaika na miguu yake chini ya meza, na hakumwuliza kitu.

Kaka alikuja, akanawa mikono, akaketi. Akainua mguu mmoja juu ya kigoda, kisha wa pili, na Mama akampakulia.